Kwa Shiundu, Aliyeuawa Akiwa na Posta Begani

Shiundu,

"Kama hakuwa mwizi, mbona aliulizwa mara tatu, na mara zote tatu akasema si yangu?"

Hayo ni maneno ya Mzee Zablon, mzee wa kijiji cha Laini Saba, Kibera. Aliyasema Jumapili baada ya kanisa, amesimama juu ya kreti ya soda, na watu wakatikisa vichwa kukubali, kana kwamba wamesomewa injili. Nilikuwepo. Nilimwacha amalize, jambo ambalo unajua si tabia yangu. Kisha nikatembea mpaka Kawangware, nikawasha mashine, nikakaa. Naanza na maneno yake kwa sababu ndiyo yanayokuzika mara ya pili, na kwa sababu ninalo jibu ambalo sijampa mtu yeyote, hata Nekesa mkeo.

Jibu ni hili. Ulisema si yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha useme hivyo.

Barua hii nitaiweka kwenye ubao wa matangazo wa Posta yetu, ambapo kila anayefungua mashine ataikuta. Nakala nyingine nitaibandika kwenye mlango wa kibanda chako, na atakayeichana nitabandika nyingine. Kwa hiyo nivumilie nikieleza mambo unayoyajua kuliko mimi. Wapo watakaosoma ambao walikuona siku moja tu, na siku yenyewe ndiyo ile.

Wajue basi kwamba ulikuwa fundi wa redio. Wajue kwamba miaka minne iliyopita nilikuja kwako na kompyuta iliyotupwa na ofisi moja mjini, nimeibeba kwenye wilibaro, nikakuambia imekufa. Uliifungua, ukanusa ndani kama mpishi, ukasema, "Madam, hii haijakufa. Imezirai tu." Ukainyonyoa kama kuku. Ukatoa kila kadi isiyo na kazi. Feni yake ilikuwa imeungua, ukafunga ile ya mashine ya kukaushia nywele ya saluni ya jirani. Kwenye matundu ya hewa ukavisha soksi ya nailoni ya Nekesa ili masizi ya Kibera yasiingie. Hata skrini uliing'oa. Nilibisha, bila shaka nilibisha: kompyuta bila skrini ni nini? Ukasema, "Hii kazi yake ni kupokea na kutunza. Kwani sanduku la posta lina macho?" Bila skrini ilikula umeme kidogo sana, ikaweza kushinda siku nzima kwa betri ya lori na kile kibadilishaji umeme ulichokisuka mwenyewe, kilichokuwa kikinguruma kama paka mgonjwa.

Vitabuni wanaita seva. Sisi tuliita Posta. Zilikuwa mbili. Moja kwangu Kawangware, kwenye chumba cha mbele ambapo marehemu dada yangu alikuwa na duka la dawa na kuniachia laini ya simu. Ya pili kwako, kwenye chumba cha nyuma ya kibanda, pasipo na simu wala matumaini ya simu. Watu wa Kibera waliandikisha barua zao kwako. Wewe ulizitia kwenye diski ndogo ya plastiki, ukaiweka mfuko wa shati, ukatembea nayo kupitia Ngong Road mpaka kwangu. Saa sita mchana mashine yangu ilipiga simu kwa mashine kubwa mjini, ikalia ule mlio wake wa mbuzi anayekabwa, ikatoa barua zetu na kupokea za wenzetu. Barua iliyokuwa ikichukua wiki tatu kufika kwa mtoto aliyeko ng'ambo ilifika kesho yake. Mama Atieno, anayeuza samaki wadogo wa omena Kisumu Ndogo na asiyejua kusoma, alikuwa na mwanawe mbali kuliko alivyoweza kufikiria, na akamsikia kila wiki. Barua ilisafiri dunia nzima kwa waya, ila kipande cha Kibera hadi Kawangware ilikwenda kwa miguu yako.

Sasa nifike kwenye sheria ile.

Hukuiandika wewe. Niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikaibandika juu ya mashine zote mbili. Ilikuwa miaka ambayo karatasi moja ya siasa ingekupeleka ndani, na mimi nilikuwa nimeshafukuzwa ualimu kwa ajili ya mgomo. Niliogopa chifu, niliogopa askari wake, na kwa kuwa mimi huvalisha woga wangu nguo za hoja, nikakufanyia mhadhara. Nikasema mashine isiyo na mwenyewe haina wa kukamatwa. Nikasema mali ikishakuwa na jina la mtu huanza kumtumikia mtu huyo. Nikasema akiuliza askari, akiuliza chifu, akiuliza hata mama mzazi, jibu ni moja: si yangu, ni ya watu wote. Nilizungumza saa nzima. Wewe ulikuwa ukichomelea waya. Nilipomaliza ulisema tu, "Lakini Madam, kila kitu huku kina mwenyewe. Hata choo kina mwenyewe."

Nilikucheka. Nilikuita bepari mdogo. Ukacheka pia, na toka siku hiyo ukaifuata sheria yangu kama mtu aliyeapishwa. Mteja akisifu, "Fundi, mashine yako ni kali," unajibu, "Si yangu." Nilikuwa nikisikia hivyo, nafurahi. Mungu anisamehe, nilikuwa naona fahari.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Asubuhi diski kuu iliyo ndani ya mashine yangu, ile inayotunza barua zote, ilianza kukwaruza kama kijiko kwenye sufuria tupu, ikanyamaza. Nilikuja Kibera mbio kukuambia. Hukupoteza muda. Ulisema, "Tuhamishe hii ya hapa iende kwako, leo leo, kabla ya simu ya saa sita. Mama Atieno ana barua ndani, na wengine kumi." Ukachomoa nyaya, ukaitia mashine kwenye gunia la sukari ili vumbi lisiipate njiani.

Na wewe ndiye uliyekumbuka desturi, si mimi. Huku kwetu mtu hahamishi kitu cha thamani peke yake. Akihama nyumba, akihamisha hata kitanda, jirani anayejulikana hutangulia mbele na kuwaambia watu, huyu ni wetu, hivi ni vyake, tunahama. Tena mzigo huachwa wazi uonekane. Gunia letu lilikuwa limefungwa, nyaya zinaning'inia nje, na siku mbili kabla yake kinanda cha kanisa kilikuwa kimeibwa. Ulisema, "Madam, tangulia wewe. Mdomo wako ndio leseni yangu."

Nikasema ndiyo. Kisha nikasikia sauti ya Mzee Zablon.

Alikuwa na mkutano wake kwenye uwanja ule mdogo karibu na bomba la maji. Alikuwa akitusema. Alikuwa akiwaambia watu kwamba kompyuta ni mchezo wa matajiri, kwamba watu wasio na maji hawana haja ya kutuma salamu kwa umeme, kwamba yule Madam wa Kawangware anawafanya wajinga. Damu ikanipanda. Nikakuambia, "Nipe dakika kumi."

Dakika kumi! Lini mimi nimewahi kumaliza ugomvi kwa dakika kumi?

Niliingia katikati ya watu, nikajibu. Nilimjibu vizuri, Shiundu. Sijui kama niliwahi kusema vizuri kuliko siku ile. Nilimuuliza ni nani aliyempa kazi ya kuchagua kwa niaba ya maskini kati ya maji na maneno. Nilimuuliza kama yeye, mwenye maji, ameacha kuzungumza. Watu wakapiga miluzi. Naye akajibu, nami nikamjibu jibu lake. Wewe ulinisubiri. Nekesa ameniambia ulinisubiri karibu saa nzima, ukichungulia jua. Simu ya saa sita ilikuwa inakaribia. Hatimaye ukajitwisha gunia begani, ukafuata reli kuelekea juu, njia ya mkato usiyoizoea, peke yako.

Kisha sauti ikasikika: "Mwizi! Mwizi!"

Sote tuliisikia. Mzee aliisikia, mimi niliisikia, watu wote uwanjani waliisikia. Laini Saba sauti hiyo ni kama mlio wa treni, mtu hageuki. Na mimi, mwanamke msomi, mpinzani wa kila dhuluma, unajua nilifanya nini? Nilinyoosha kidole kule kelele zilikotoka, nikasema: "Sikieni! Hata sasa hivi kuna mtu anapigwa pale, na hakuna simu hata moja ya kumwitia polisi! Ndiyo sababu tunataka mashine hizi!"

Watu wakapiga makofi.

Nilipigiwa makofi, Shiundu. Kifo chako nilikitumia kama mfano, nikapigiwa makofi.

Ni Mama Atieno aliyekuja akikimbia pekupeku, leso imemdondoka, akipasua kundi la watu kwa viwiko. "Madam! Wewe uko hapa unaongea! Ni Fundi! Wanaua Fundi!"

Nilikimbia. Ulikuwa mbele ya ile kona ya reli, umbali wa mtu kutema mate yakafika, lakini huku hatua mia mbili ni nchi nyingine: kwenye kibanda chako walikujua hadi jina la mtoto wako, na pale hawakukujua hata kwa sura. Sitawaficha watakaosoma. Waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo wanapaswa kujua. Walikuwa wakitumia mawe ya reli, yale ya kijivu yenye ncha. Ulikuwa umelala kifudifudi juu ya gunia, mikono umeizungushia mashine kama mtu anayemkinga mtoto na mvua. Walikuwa wanakuvuta miguu ili uiachie, nawe huachii. Nywele zako zilikuwa na rangi ambayo sitaiandika. Kijana mwenye fulana ya manjano alipiga gunia kwa nondo, na nikasikia bati la mashine likiitika. Kisha akapiga kisichoitika. Tairi lilikuwa limeshaletwa. Petroli ndiyo iliyokuwa imechelewa.

Nilipiga kelele. Mimi ambaye sauti yangu huvuka barabara, hakuna aliyenisikia. Jiwe moja lilinipata begani, na nililipokea kama salamu. Nilipofika ulipo, nikakulalia, mtu mmoja akasema, "Huyu ni Madam wa barua," na mwingine akasema, "Kwani huyo aliye chini ni nani?" Hapo ndipo mikono ilipoanza kushuka. Ulikuwa bado una joto. Midomo yako ilitikisika mara mbili na haikutoa neno. Nimejaribu kila siku kukumbuka kama kulikuwa na neno. Hakukuwa na neno.

Mama Atieno aliona mwanzo wake, naye amenieleza, nami naandika alivyoeleza. Fundi viatu wa pale kwenye kona alikuona ukipita na nyaya zinaning'inia.

"Wee, simama! Umebeba nini?"

"Mashine."

"Ni ya nani?"

"Si yangu."

"Najua si yako. Nakuuliza ni ya nani."

"Ya watu. Si yangu."

"Watu gani? Wa kanisa?"

"Watu wote, bwana. Niache nipite, nachelewa. Nimeshasema si yangu."

Mama Atieno anasema mwanzoni walicheka. Mtu akasema, "Leo tumepata mwizi mkweli!" Wakacheka sana. Kisha jiwe la kwanza likaja, kutoka nyuma, ambapo hakuna aliyeweza kuona uso wako kwa sababu ya gunia.

Haya, Mzee Zablon. Ulitaka kujua kwa nini alisema si yangu mara tatu? Alisema kwa sababu alikuwa mkweli, kwa sababu alikuwa mtiifu, na kwa sababu alikuwa na rafiki mwenye kiburi. Mwizi angesema ni yangu. Nimewafundisha watoto miaka kumi na minane na sijaona mwizi hata mmoja aliyekamatwa na kalamu ya mwenzake akasema si yangu. Mwizi huwa na mwenyewe wa kumtaja, risiti, binamu, hadithi. Shiundu hakuwa na hadithi. Hoja yako imesimama kichwa chini, miguu juu, na watu wameipigia makofi kama walivyonipigia mimi. Nimejifunza thamani ya makofi ya uwanja ule.

Polisi walikuja na lori alasiri. Yule mwenye daftari aliuliza, "Mwizi ako wapi?" Akaandika: mshukiwa wa wizi, auawa na wananchi. Hakuna aliyeulizwa jina. Neno hilo mshukiwa liliingia chumba cha maiti nawe, likapanda basi nawe hadi kwenu magharibi, likakutangulia langoni. Mchungaji alipata udhuru. Hapakuwa na hotuba. Niliposimama niseme, mjomba wako alinishika mkono, taratibu, akanong'ona, "Madam, usituongezee aibu." Nikakaa chini. Ulizikwa upesi upesi kama kitu kinachofichwa, na mimi, mwenye maneno kwa kila jambo, nilirusha udongo wangu kimya.

Sasa nikuambie yaliyotokea baadaye. Si mazuri.

Nilitaka kuua. Siandiki hivyo kwa mapambo. Nilirudi Nairobi nikatia nyundo kwenye mkoba wangu, ile yako yenye mpini wa mwembe, na kwa siku tatu nilizunguka Laini Saba nikitazama mikono ya watu. Si nyuso, mikono. Kila mkono niliuona una ukubwa wa jiwe. Nilimtafuta kijana wa fulana ya manjano na sikumpata, na namshukuru Mungu kwa ajili yetu sote wawili. Kwa kinyozi mmoja nilikuta kibodi yetu imetundikwa ukutani kama pambo, chini ya picha za mitindo ya nywele. Bado ilikuwa na ile herufi ya A uliyoichora upya kwa rangi ya kucha ya Nekesa. Nilimuuliza ameitoa wapi. Akasema, "Mama, hiyo ni ya mwizi mmoja walimmaliza hapo." Nilivunja vioo vyake vyote viwili. Nilivunja na taa. Alitoka nje akiwa ameshika makasi na mteja wake akiwa na nusu ya nywele, na wote wawili waliniogopa. Ilinipendeza kuogopwa. Nasema ukweli huo ili mtu yeyote asifikiri natofautiana sana na wale wa kwenye reli. Tofauti yetu ni kwamba nyundo yangu ilikutana na kioo kwanza.

Kisha Mama Atieno akaja Kawangware. Alitembea kutoka Kisumu Ndogo na beseni lake kichwani, na chini ya omena, ndani ya leso iliyofungwa mafundo manne, alikuwa na diski kuu ya mashine yako. Mashine yenyewe walikuwa wameigawana bati na waya kabla lori halijafika, lakini kile kipande kizito, cha ukubwa wa kitabu, walikitupa kando ya reli kwa kuwa hawakujua kazi yake. Yeye alijua. Uliwahi kumwonyesha. Aliniwekea mezani akasema, "Sijui kusoma, Madam, lakini posta yangu naijua."

Niliifuta magamba na damu. Nikaitafutia sanduku lingine, kompyuta kongwe kuliko zote mbili tulizokuwa nazo, nikaunganisha kama nilivyokuwa nikikuona ukiunganisha, nikakosea mara mbili, nikawasha. Nilisubiri ule mkwaruzo. Haukuja. Ilizunguka, Shiundu. Ilipigwa nondo kupitia bati na kupitia wewe, na ikazunguka kwa sauti ileile nyororo. Nililala kifudifudi sakafuni nikalia kwa sauti, jirani akagonga ukuta.

Barua kumi na moja zilikuwa humo, hazijasomwa na wenyewe. Ya Mama Atieno nilimsomea palepale. Katika zile kumi zilizobaki, moja ilikuwa ya fundi viatu wa kwenye kona.

Ndiyo. Yeye. Aliyeuliza ni ya nani. Alikuwa mteja wako, aliyekuja kibandani mara mbili tu, jioni gizani, asiushike uso wako, na ndugu yake aliyeko ng'ambo alikuwa amemjibu. Alikupigia kelele ya mwizi nawe umembebea barua yake begani.

Nilikaa mbele ya mashine kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. Ilikuwa kazi ya sekunde moja. Nilijiambia hiyo ni haki, na nikiwa na hasira mimi hujiaminisha haraka. Kilichonizuia si wema. Ni ile sheria ya pili, ambayo haikuwa yangu ila yako, na hukuiandika popote: barua haifutwi mpaka mwenyewe aisome. Uliwahi kumkatalia kiongozi mmoja aliyetaka ufute barua ya mpinzani wake, na nyumba yako ikatupiwa mawe usiku huo, nawe hukunihutubia juu ya jambo hilo hata kidogo. Sheria yangu ilikuwa na mhadhara wa saa nzima, na ilikuua. Yako haikuwa na neno hata moja.

Nikaichapa ile barua. Printa ikalia kwa vishindo vyake. Nikaikunja, nikatia mkobani karibu na nyundo, nikaenda.

Alikuwa anashona soli. Aliponiona uso ulimwisha damu. Nilimpa barua kwanza. Akaitazama, akaona jina la ndugu yake, akaona kule chini ulikoandika kila mara, imepokelewa na Fundi Shiundu, Laini Saba. Alisoma mstari huo, midomo ikitembea. Kisha nikampiga. Kwa kiganja, kwa nguvu zangu zote, mpaka sindano ikaruka. Hakujikinga. Nilimpiga tena, na ningeendelea, ila alisema jambo lililonivunja mkono nikiwa nimeuinua.

Alisema, "Madam, mimi nilirusha moja tu."

Moja tu. Nimewauliza wengine sita tangu siku ile. Mmoja alirusha moja. Mwingine moja, na anafikiri haikufika. Mwanamke mmoja, mwimbaji wa kanisa, alirusha moja ndogo. Hivi ndivyo mtu anavyouawa huku kwetu, enyi mnaosoma: kila mkono una jiwe moja, kila moyo una sababu nusu, na maiti ina majeraha yasiyo na baba. Mnaita hasira ya wananchi. Mnasema polisi hawafiki, mahakama hununuliwa, mtu maskini akiibiwa hana mahali pa kwenda. Ni kweli tupu, na nimeyaandika hayo kabla yenu. Lakini mnayempiga si aliyenunua mahakama. Hajawahi kuwa yeye hata siku moja. Ni mwenye gunia. Ni anayetembea kwa miguu. Mnalipiza kisasi cha ikulu kwenye mgongo wa fundi wa redio.

Na mimi nilirusha langu. Nalitaja hapa ili nihesabiwe pamoja nao. Langu lilikuwa sheria, na lilikuwa dakika kumi.

Sheria hiyo nimeichana, Shiundu. Kwenye sanduku jipya nimeandika kwa rangi nyekundu, herufi za ukubwa wa mkono: MASHINE HII NI YA FUNDI SHIUNDU. Askari aje aisome. Inafanya kazi. Kila siku saa sita inapiga simu yake, na mimi ndiye ninayetembea na diski ndogo hadi Laini Saba na kurudi. Magoti yangu yanakulaani. Nimewakuta watu njiani wanaokujua kwa hatua zako, wakiniambia ulikuwa ukipita saa ngapi.

Lakini Jumamosi hii Mzee Zablon anaandika barua kwa chifu. Itasema uliuawa ukiiba, na kwamba chumba cha mwizi kinapewa mpangaji mwingine. Nekesa ameshatolewa vyombo nje mara moja, sasa analala kwa dadake Kambi Muru. Naliaka binti yako, mwenye miaka saba, shuleni akiitwa jina lote haitiki. Mwalimu ameniambia. Anaitika akiitwa Naliaka. Akiitwa Naliaka Shiundu anatazama dawati.

Kwa hiyo nakuaga, rafiki yangu, na nakuaga nikiwa na kazi. Ulinivumilia miaka minne nikizungumza juu ya watu huku wewe ukiwahudumia. Pumzika. Nakuahidi kwamba Posta haitazimwa nikiwa hai, kwamba nyundo yako imerudi kwenye kibanda na haitatoka tena kwa kazi isiyo yake, na kwamba Jumamosi nitasimama mbele ya mzee na kutaja kosa langu kwanza, kwa ufupi, bila hotuba.

Na sasa nawageukia ninyi, watu wa kona ya reli. Ninyi saba niliozungumza nanyi, na wewe wa fulana ya manjano ambaye sijakupata. Sitaandika majina yenu hapa. Mtayaleta wenyewe. Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa bomba la maji. Fundi viatu, njoo na barua yako mkononi. Mwimbaji, acha kwaya asubuhi moja. Msije kuomba radhi kwangu, sitaki kuiona radhi yenu. Simameni mmoja mmoja mbele ya Mzee Zablon kabla hajatia sahihi, semeni mlichokifanya, semeni alikuwa amebeba nini, kisha semeni jina lake lote, Fundi Shiundu, kwa sauti itakayofika nyuma. Mtoto wake atakuwa amesimama nyuma.